Nyayo za Fiba

Mbwa walikipata chungu siku ya Jumanne. Kilikuwa kimefichwa chini ya mzizi mkubwa ukingoni mwa bwawa, kimejaa kunde na bamia, na bado kilikuwa na uvuguvugu. Fiba alikuwa shambani, katika ngwe yake, alipomwona Bwana Lusk, msimamizi mzungu, akirudi juu ya farasi na chungu kikining'inia kwenye tandiko. Hakuinua uso. Aliendelea kupanda, lakini mbegu alizozidondosha katika shimo lile zilikuwa nyingi mno, na ilimbidi ainame kuziokota.

Hiyo ilikuwa mara ya pili. Wiki iliyotangulia walipata kibuyu cha uji ndani ya gogo lenye uwazi katikati. Mara ya kwanza Fiba alisema ni bahati mbaya. Mara ya pili alijua kwamba kuna mtu.

Chakula kilikuwa cha Bram, mume wake. Bram alikuwa mpiga makasia wa shamba hilo. Ndiye aliyeshusha mapipa ya mchele kwa mto Ashepu na kuyafikisha mjini Chalestoni, na vijito vyote vya upande ule alivijua kuliko mtu yeyote. Mwezi wa nne alisikia kwamba mwenye shamba, Bwana Harcombe, amekubali kumuuza visiwani, kwenye miwa, akaondoka kabla hajafungwa. Alikusudia kwenda kusini kwa Wahispania wa San Agustin, ambako mtumwa aliyewakimbia Waingereza harudishwi. Siku ya pili alikanyaga mtego wa zamani, na chuma kikamkata wayo hadi karibu na mfupa. Akarudi kwa magoti na viwiko, akajificha katika kisiwa kidogo chenye mikindu katikati ya bwawa, mwendo wa nusu saa kutoka kwenye mlango wa mke wake. Kidonda kilikuwa kinafunga. Alihitaji siku kumi zaidi, na katika siku hizo kumi alihitaji kula.

Waliojua kwamba yuko pale walikuwa wawili tu, yeye na mkewe. Fiba aliamini hivyo mpaka Jumanne ile.

Ilikuwa Juni, majira ya kupanda mara ya pili. Ndege wa mpunga walikuwa wamekwisha kupita kwenda kaskazini, na mbegu hazikuwa na adui tena. Wanaume walitangulia wakivunja madongoa na kuzibua mifereji. Wanawake kumi na wanne walifuata nyuma na mbegu zilizopakwa udongo wa mfinyanzi. Kila mmoja alikandamiza ardhi kwa kisigino, akadondosha mbegu katika shimo, akalifunika kwa vidole vya mguu uleule, kisha akapiga hatua. Kisigino, mbegu, vidole. Fiba alifundishwa na mama yake, na mama yake alifundishwa ng'ambo ya bahari. Wazungu hawakuijua kazi hiyo wala hawakuuliza habari zake. Walichotaka ni kila mtu amalize ngwe yake, robo eka kwa siku. Aliyeimaliza mapema alikuwa na ruhusa ya kulima bustani yake, kuvua samaki au kulala.

Siku ya Jumatano Fiba alipanda bila kutazama ardhi. Aliwatazama watu.

Alianza na Juba, aliyekuwa akitwanga naye kinu kimoja tangu wote wawili wakiwa wasichana. Juba alikuwa na kitambaa kipya kichwani, chekundu, chenye pindo la manjano.

"Shoga, leo umenuna kama mtu aliyemeza mwiba," Juba alisema.

"Kitambaa hicho umekipata wapi?"

"Ala! Kumbe mwiba wenyewe ni kitambaa? Nimekibadilisha kwa wachuuzi wa mtoni, kwa kuku wawili. Wewe ukikitaka lete watatu. Bei ya wenye wivu iko juu."

Wanawake walicheka. Fiba naye alicheka, ila alichelewa kidogo. Jioni alipita nyuma ya nyumba ya Juba, akawahesabu kuku. Walikuwa wamepungua wawili kweli. Lakini kuku wanaweza kuchinjwa, akawaza, na kitambaa kinaweza kutolewa zawadi.

Wa pili alikuwa Dembo. Huyu alinunuliwa mwanzoni mwa mwaka na hakuwa na jamaa hata mmoja pale. Alitoka mto Gambia, na miaka mitatu ya nchi hii haikuwa imemwondolea lafudhi ya kwao. Alikuwa na mabega ya mtu wa kubeba magogo. Ngwe yake aliimaliza kabla ya adhuhuri, kisha akaingia katika ngwe za wengine, za wazee na wagonjwa, akalima bila kuombwa. Fiba hakumpenda kwa sababu hiyohiyo. Hapa mtu hatoi jasho lake bure.

Jumatano hiyo Dembo alipita kando yake na jembe begani, akasimama.

"Dada, unatembea vibaya."

"Nani amekuomba unitazame nikitembea?"

"Nasema tu. Siku moja geuka utazame nyuma yako."

"Nyuma yangu kuna nini, zaidi ya macho yako?"

Wanawake walipiga vigelegele vya kicheko. "Mjibu, baba! Umenyamaza nini?" mmoja alimchokoza. Dembo alifungua kinywa, lakini mnyapara alikuwa anakuja. Alikifunga, akainamia jembe lake.

Mnyapara alikuwa Titus, mtu mweusi kama wao, mzaliwa wa shamba hilo. Alivaa viatu vikuukuu alivyopewa na Bwana Lusk, kisigino cha kushoto kimelika upande mmoja, na kiunoni alifunga ufunguo wa ghala na wa nyumba ya kupepetea. Mjeledi wake ulikaa begani siku nyingi bila kushuka. Yeye na Bram walikua pamoja, ndiyo maana alimwita Fiba shemeji. Alitembea nyuma ya wanawake akitazama chini, na hakuhitaji kuuliza mstari upi ni wa nani, kwani aliwajua wote kumi na wanne kwa miguu yao.

"Pumzika kidogo, shemeji," alisema, akampa kata ya maji. "Bwana Lusk ameniuliza chungu kile ni cha nani. Nimemwambia vyungu vya hapa vyote ni ndugu, havina majina."

"Asante, shemeji."

"Mimi si wa kukudhuru. Ila yule mgeni, uwe na hadhari naye. Anauliza mno. Juzi ameniuliza, mtu akiwa bwawani atajuaje kusini ni wapi. Swali gani hilo?"

Fiba alirudisha kata. Alimtazama Dembo, aliyekuwa anafyeka ukingo wa mfereji hatua mia mbele yao, na akaona kwamba yeye pia anamtazama.

Alhamisi alasiri hakuficha chakula ili Bram aje kukichukua usiku, kama kawaida yao. Alikipeleka mwenyewe. Alipita juu ya tuta la kusini, ambalo udongo wake ulikuwa laini kwa mvua ya juzi, kisha akaingia majini hadi kifuani na kuivuka sehemu ya mwisho akiwa amebeba mkoba kichwani. Bram alikuwa ameketi chini ya mikindu, mguu juu ya gogo.

"Nani mwingine anajua?" Bram aliuliza kabla ya salamu.

"Hakuna."

"Juba je?"

"Sijamwambia."

"Labda unaongea usingizini."

"Nalala peke yangu tangu Aprili. Nani wa kunisikia?"

Bram alicheka kwa sauti ya chini, kisha akaacha. Alikula haraka, mkate wa mahindi na samaki wa kukaushwa, na alipomaliza aliukanyagisha mguu chini kumwonyesha. Alisimama. Alipiga hatua tatu. Hatua ya nne akashika mti.

"Siku nane," alisema. "Ningekuwa na bega la kuegemea, ningeondoka hata kesho. Siku moja tu ya kuegemea, mpaka kwenye kijito cha Mwerezi. Pale nina mtumbwi."

"Bega langu je?"

"Wewe ukikosekana kwenye hesabu ya jioni, watatukamata kabla ya asubuhi. Tumeshasema hayo."

Walikuwa wameshayasema kweli. Fiba alimfunga kitambaa kipya kwenye wayo.

Aliporudi, kabla ya kupanda tuta, alisikia majani yakichakacha, akajibanza kwenye matete. Dembo alikuwa juu ya tuta. Alikuwa ameinama, tawi lenye majani mkononi, akisogea polepole katika njia ileile Fiba aliyopita saa moja kabla. Aliangalia chini kama mtu anayetafuta sindano. Mara akasimama na kutazama upande wa bwawa, kule kwenye mikindu, kwa muda mrefu.

Fiba alibaki kwenye matete mpaka alipoondoka.

Ijumaa asubuhi alimwendea Titus.

"Ulisema kweli," alimwambia. "Yule mgeni anazurura bila cheti cha ruhusa. Nimemwona."

"Wapi?"

Swali lilikuja haraka. Fiba alikuwa na jibu tayari. "Tuta la kaskazini. Kule mtoni."

Titus alimtazama kidogo. "Kaskazini," alisema. "Haya. Twende ukamweleze Bwana Lusk kwa kinywa chako. Maneno yangu peke yangu hayatoshi."

Bwana Lusk alikuwa anakula mezani kwake. Alisikiliza bila kuweka kisu chini.

"Una hakika ni yeye?"

"Nimemwona kwa macho yangu, Bwana. Nadhani anataka kutoroka."

"Mwanamke mwenye akili," Bwana Lusk alisema, akimwambia Titus na si yeye. "Mume wake alinikimbia, yeye ananiletea habari. Mfungieni huyo mtu. Kesho alasiri nitaazima tena mbwa wa jirani, tuyapitie matuta yote mawili. Nikirudi ndipo nitamshughulikia."

Walimtoa Dembo katika ngwe yake mbele ya watu wote. Hakupigana. Walimpandisha ngazi ya nyumba ya kupepetea, kwa kuwa ghala lilikuwa limejaa mbegu, na Titus akafunga kufuli na kuurudisha ufunguo kiunoni.

"Umefanya vizuri, shemeji," alimwambia Fiba walipokuwa wanarudi. "Sasa kazi itakuwa nyepesi."

"Kazi gani?"

"Ya kupanda. Ipi nyingine?" Akacheka.

Fiba alirudi kwenye mstari wake. Alitazamia moyo utulie, nao haukutulia. Tuta la kaskazini lilikuwa uongo wake mwenyewe. Lakini Bwana Lusk alisema matuta yote mawili, na Titus hakushangaa.

Alasiri alikwenda kuzoa makapi kwa ajili ya kuku wake. Nyumba ya kupepetea ilisimama juu ya nguzo nne ndefu. Sakafuni mwake palikuwa na tundu pana, ambalo wanawake walilitumia siku za upepo. Walimwaga mpunga uliotwangwa kutoka juu, upepo ukachukua makapi, na mchele ukaangukia mkekani. Siku nyingine tundu lilizibwa kwa ubao, nao ubao ulishikwa kwa vigingi viwili kutoka chini. Wanawake ndio walioviweka na kuvitoa. Bwana Lusk hakuwahi kuingia chini ya nyumba ile kwa sababu ya vumbi lake.

Fiba alikuwa ameinama na kikapu aliposikia sauti juu ya kichwa chake.

"Dada."

Aliendelea kuzoa.

"Dada, najua ni wewe. Nimekusikia ukija. Unatembea vibaya."

"Hata kifungoni hujaacha kunitukana?"

"Sikutukani. Nilitaka kukwambia siku ile, mnyapara akaja. Kisigino chako kinazama, vidole vinapangusa. Ukiwa shambani, sawa. Lakini wewe hata ukienda kisimani unapanda. Wenzako wakitoka ngweni wanatembea kama watu. Wewe huachi. Mama yangu alikuwa hivyohivyo. Tulimcheka nyumbani, tukasema ameotesha mpunga sokoni."

Fiba aliweka kikapu chini.

"Wiki ile ya kibuyu," sauti iliendelea, "niliziona nyayo zako juu ya tuta, zimenyooka mpaka kwenye gogo. Tangu siku hiyo nafuta. Kila alasiri ukipita, mimi nafuata na tawi. Jumanne ulikwenda alfajiri, sikujua. Wakakipata chungu."

"Na kwa nini ufute? Mimi nani wako?"

"Si mtu wangu. Usidhani ni wema. Mume wako anajua njia ya kusini, mimi siijui. Wakimpata yeye, na mimi nitazeeka hapa."

"Nani anasoma nyayo, basi? Bwana Lusk hajui mguu wa mtu na wa ng'ombe."

Dembo alisogeza kinywa karibu na ubao.

"Nani anatembea nyuma yenu kutwa nzima akitazama chini?"

Fiba aliondoka bila kuaga. Mtu aliyefungiwa husema lolote, alijiambia. Angekuwa yeye ndani ya nyumba ile, angesema zaidi ya hayo. Alipita kwake, akamwaga makapi, akachukua ndoana ya kuvulia kama kisingizio, akaelekea tuta la kusini. Alitembea hatua hamsini. Kisha, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, aligeuka kutazama alikotoka.

Zilikuwa pale. Shimo la kisigino, na mbele yake udongo uliosukumwa na vidole kulifunika. Shimo na kifuniko, shimo na kifuniko, kwa mstari ulionyooka kama wa shambani. Mtoto wa miaka mitano angeufuata. Alikuwa ameipanda njia yote ya kwenda kwa mume wake.

Alisogea mbele zaidi. Kuanzia kwenye mti uliopigwa na radi, udongo ulikuwa umepanguswa kwa majani, mistari myembamba kama ya ufagio, hadi majini. Ilikuwa kazi ya Alhamisi. Na kando ya mahali palipopanguswa palikuwa na alama nyingine, mpya, za alfajiri ya leo. Zilikuwa za viatu. Vilikuja, vikasimama, vikageuka. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimelika upande mmoja.

Fiba alichuchumaa. Titus alikuwa amekuja kufuata nyayo zake ili zimfikishe kwa Bram, akakuta zimefutwa, akajua kwamba kuna mfutaji. Saa chache baadaye Fiba mwenyewe alimpelekea mfutaji huyo mkononi. Kesho alasiri mbwa wangeletwa hapa, kaskazini wapite wasipite.

Alikata tawi, akafuta nyuma yake mpaka nyumbani.

Jumamosi walipoanza kazi, alimsogelea Juba.

"Nataka ngwe yangu iishe kabla ya adhuhuri."

Juba hakuacha kupanda. Kisigino, mbegu, vidole. "Nusu niachie mimi."

"Juba, sikiliza, kuna jambo."

"Usiniambie. Nisichokijua hawawezi kukitoa kinywani mwangu." Alipiga hatua nyingine. "Na kuku wangu uache kuwahesabu. Nilikuona."

Fiba aliona uso ukimwaka. Alitaka kusema neno, lakini Titus alikuwa nyuma yao, na wote wawili wakainama.

Adhuhuri Bwana Lusk alikwenda kula, na Titus alibaki shambani na wale waliokuwa hawajamaliza. Fiba alimaliza. Alipita nyumbani, akatoa chini ya godoro shati kuukuu la Bram, akalirarua mkono mmoja. Kisha alikwenda chini ya nyumba ya kupepetea na kikapu chake, kama mtu anayezoa makapi, akavuta kigingi cha kwanza.

"Shuka," alisema. "Taratibu."

Kigingi cha pili kilitoka kwa shida. Ubao ukaanguka, na Dembo akafuata, miguu kwanza, akazama katika makapi hadi magotini. Fiba alirudisha ubao, akavigonga vigingi kwa jiwe. Huko juu, kwenye ngazi, kufuli la Titus lilikuwa limefungwa vilevile.

"Chukua." Alimpa mkoba wa mchele, chumvi na jiwe la kuwashia moto, na juu yake ule mkono wa shati. "Huu mwonyeshe, asije akakuchoma kisu. Tuta la kusini mpaka kwenye mti wa radi, kisha majini, uelekee kwenye mikindu. Nyayo zangu za kutoka hapa hadi kwenye mti nimezifuta, lakini wewe wajua kusoma hata palipofutwa."

"Nitafuta zangu pia."

"Mwambie ni leo, sasa hivi, asingoje siku nane. Mwambie akuegemee. Ni mbishi, atakataa. Usimsikilize."

Dembo alimtazama. Makapi yalikuwa yamemjaa nyusi. "Na wewe, dada?"

"Mimi naenda kupanda kwingine."

Shati lililobaki, lenye harufu ya Bram, alilifunga kwenye kifundo cha mguu, likawa linaburuzika nyuma. Alipanda tuta la kaskazini akatembea kama mama yake alivyomfundisha, wala hakujizuia hata kidogo. Alikandamiza kisigino kwa uzito wote. Alipangusa kwa vidole. Alinyoosha mstari wake kwa maili nzima, hadi kwenye gati la mapipa, mahali Bram alipokuwa akifunga mashua. Maji ya mto yalikuwa yanashuka kwenda baharini. Alilifungua shati, akafungia jiwe ndani yake, akalitupa mbali. Kisha aliingia katika mfereji mkubwa, akarudi ndani ya maji hadi nyuma ya nyumba za watu, ambako hapana udongo wa kushika mguu wa mtu.

Mbwa walipoanza kubweka alikuwa kinuni na Juba. Michi yao miwili ilipokezana. Walisikiliza. Sauti zilianza karibu na nyumba ya Bwana Lusk, zikasimama kwenye njia panda ya matuta mawili, na hapo mchi wa Fiba ulichelewa, wa Juba ukagonga kinu kitupu.

"Twanga," Juba alisema.

Alitwanga. Mbwa walikuwa bado kwenye njia panda. Alifikiri kuhusu udongo wa kusini, kama kweli ameufuta wote, na kama Dembo amefuta wake au amekimbia tu kama mtu yeyote angekimbia. Alifikiri pia kwamba amempa mtu asiyemjua chumvi yake, mchele wake na mahali alipo mume wake, kwa sababu tu ya maneno yaliyotoka kwenye tundu.

Kisha sauti zikageuka. Zilikwenda kaskazini, zikawa ndogo, na zilipofika mtoni zikawa za mbwa wanaozunguka mahali pamoja.

Walirudi jioni. Bwana Lusk alikuwa na matope hadi kiunoni. Hakuteremka kwenye farasi mpaka alipofika nyumba ya kupepetea. Titus alipanda ngazi, akafungua kufuli, akaingia. Alikaa ndani muda mrefu kuliko inavyohitajika kukitazama chumba kitupu.

Watu wote waliitwa uani.

"Ni Fiba, Bwana," Titus alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nyayo za kaskazini ni zake. Nazijua kama mkono wangu. Ametupoteza makusudi."

"Nyayo." Bwana Lusk alimtazama Fiba, kisha miguu yake, kisha miguu ya wanawake wengine kumi na watatu, iliyokuwa na matope yaleyale hadi vifundoni. "Mimi sioni tofauti yoyote."

"Mimi naiona, Bwana."

"Wewe ndiwe uliyezisoma kwenye njia panda. Mbwa walisita, ukasema kaskazini, ni nyayo mpya. Ulisema au hukusema?"

"Nilisema, Bwana, lakini..."

"Mwanamke huyu ndiye aliyemtaja yule mtu. Wewe uliniambia nini kuhusu yeye kabla ya jana? Hata neno moja?" Bwana Lusk alinyoosha mkono. "Kufuli ni zima. Mlango ni mzima. Ufunguo ulikuwa kiunoni mwa nani?"

Titus aligeuka kumtazama Fiba. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na uso wa mtu anayesoma kitu na kukirudia, na Fiba aliona wazi pale alipokifikia, yaani tundu, ubao, vigingi. Alifungua kinywa. Lakini Bwana Lusk alikuwa ameshaushika ufunguo na kuuvuta, kamba ikakatika, na baada ya hapo hakuna aliyemsikiliza.

Fiba angeweza kusema neno. Lingetosha moja. Alitazama chini, kwenye miguu yake, akanyamaza.

Jumatatu Titus alikuja shambani bila mjeledi na bila viatu, shati limegandamana na mgongo. Bwana Lusk alimweka katika mstari wa wanawake ili achekwe. Hakuna aliyecheka. Alipewa mfuko wa mbegu na ngwe iliyopakana na ya Fiba, na mnyapara mpya, kijana wa ghalani asiyejua kitu, aliwafuata nyuma akitazama vichwa vyao.

Titus alikuwa amewatazama wanawake wakipanda kwa miaka kumi na miwili. Alipojaribu mwenyewe, kisigino chake kililipasua shimo, na vidole vikazirusha mbegu nje.

"Naijua miguu yako, Fiba," alisema bila kuinua kichwa. Neno shemeji lilikuwa limekwisha.

"Hata mimi sasa naijua."

"Siku moja atakuja msimamizi anayesikiliza."

"Labda." Alipiga hatua moja, akaona zile mbegu zilizotawanyika juu ya udongo. Ngwe isiyomalizika ilikuwa na mapigo yake, na mgongo ule haukuwa na nafasi ya mapigo mengine. "Kisigino kwanza," alisema. "Usikipige, kikandamize. Kisha mbegu. Vidole mwisho."

Titus alimtazama kwa jicho la mtu anayetafuta hila. Fiba hakumlaumu. Hata yeye hakujua kama ipo.

Hakuna mtu aliyerudishwa amefungwa wiki ile, wala wiki iliyofuata. Hakuna habari iliyokuja kutoka kusini, na Fiba alijua kwamba huenda isije kamwe. Kila alasiri, ngwe ilipokwisha, aliosha matope mferejini na kurudi nyumbani akikanyaga kwa ubapa wa mguu, polepole, kama mtoto anayejifunza kusimama. Titus alikuja nyuma yake, akitazama chini. Na kila baada ya hatua kumi Fiba aligeuka kutazama alichoacha.